Ufagio Chini ya Pikapu

Siku ya arobaini ya Baba nilikuwa nakusanya vikombe uani, na kimoja kilikuwa na harufu. Haikuwa ya kahawa wala ya tangawizi. Ilikuwa harufu tamu-tamu yenye shombo kwa mbali, ile ambayo ikishaingia puani haitoki mpaka uoge. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nilisimama na sinia langu katikati ya watu nikajiona nina miaka minane na ufagio wa chelewa mkononi. Yalikuwa mafuta ya breki. Mikono iliyoshika kile kikombe ilikuwa ya mtu aliyeyashika maisha yake yote, na hata nikiosha mara tatu, nilijua harufu haitatoka.

Alikuwa ameketi mwisho wa jamvi, karibu na viatu, mahali anapokaa mtu asiye na hakika kama anatakiwa. Fundi Mfaume. Nywele zimekuwa nyeupe, mabega yameshuka, lakini ndiye. Jina hilo kwetu lilikuwa halitajwi, na Baba alipolazimika kulitaja alisema "yule aliyeniulia mwanangu" na kila mtu akaelewa. Miaka yote hiyo hakuwa amekanyaga uwanja wetu. Sasa Baba hayupo, amekuja kunywa kahawa yake kimya kimya na kumwombea dua mtu aliyekufa bila kumsalimia.

Inabidi nianzie kwenye pikapu, maana yote yalitoka chini yake.

Tuliishi kijijini, njia ya kwenda Nanyamba. Baba alikuwa na mikorosho mingi kuliko akili ya kuitunza. Hayo ni maneno ya Bibi, mama yake mzazi, ambaye tuliishi naye na ambaye hakumwogopa mtu. Baada ya misimu miwili mitatu ya neema Baba alikwenda mjini Mtwara kwa miguu ya watu wengine akarudi na magurudumu yake mwenyewe: pikapu ya kijani iliyokwisha kuzeekea mikononi mwa wengine. Mlango wa dereva ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo akifika mahali alitoa mkono dirishani na kujifungulia kama mgeni. Ilibeba magunia ya korosho na mihogo, ilibeba wagonjwa na mabibi harusi, na msimu wa jando ilirudisha vijana nyumbani na kanzu zao mpya, kina mama wamejaa nyuma wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Mimi niliipenda pikapu ile kama mtu. Niliamini ina macho, ina tumbo, na inasikia ikisemwa.

Hapa lazima niseme jambo la aibu. Nilikuwa kikojozi. Wa rika langu mnajua hiyo ilimaanisha nini. Mkeka wako unaanikwa mbele ya nyumba, si nyuma, ili kila apitaye aone, na watoto wa jirani wanakuja kukupigia makofi wakikuimba. Na dawa yake ilikuwa chura. Bibi alimkamata chura mzima kisimani, akamfunga kwa kamba ya mgomba, akamfunga na mimi kiunoni, akaniambia nilale naye. Sikulala. Nilikesha nikisikia miguu yake ya baridi ikinipapasa tumboni, na kulipokucha mkeka ulikuwa mkavu, Bibi akatangaza mtaa mzima kwamba nimepona. Ni kweli nilipona. Lakini tangu siku ile hakuna kitu nilichokiogopa duniani kama kuonwa maji yaliyonitoka.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia uwanja. Baba alikuwa akitoka kwenda msikitini kungali giza, na mimi nilianza kufagia ikishaonekana ncha ya ufagio. Bibi alikuwa na sheria zake. Uwanja ufagiwe wote, mistari ya ufagio ionekane, ilale upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na mtu wa kwanza kuikanyaga awe mwenye nyumba akitoka kuswali. Chini ya pikapu pia.

"Ntoto wa kike afagiaye panapoonekana tu, huyo kesho atanifagilia kaburi nusu," alisema.

Kwa hiyo nilikuwa naingia kwa tumbo chini ya pikapu na ufagio wangu, na huko ndiko nilikolikuta doa. Lilikuwa karibu na gurudumu la nyuma, kubwa kama kiganja, mchanga umeshikana. Nililigusa. Halikuwa maji ya kawaida, yaliteleza vidoleni na hayakutaka kukauka. Nikanusa. Nikaelewa mara moja, na hadi leo nakumbuka huruma iliyonijia. Pikapu yetu ilikuwa imekojoa. Gari zima, lenye umri ule, lenye kubeba mabibi harusi, limejikojolea kitandani, na punde kidogo Baba atarudi na watu wa msikitini wataliona.

Sikufikiri mara mbili. Nilichota ule mchanga kwa kifuu, nikaenda kuumwaga shimoni pembeni, penye mche wa mpapai aliokuwa ameupanda Mama. Nikaleta mchanga mkavu, nikausawazisha, nikapitisha ufagio juu yake kwa uangalifu hata Bibi mwenyewe asingeona kitu. Kabla sijatoka nililipapasa bampa na kuliambia lisiogope, sisemi. Kesho yake likakojoa tena. Na kesho kutwa. Ikawa siri yetu sisi wawili, na kwa mtoto ambaye hakuwahi kumtunzia mtu siri yoyote, ilikuwa fahari kubwa.

Miezi hiyo Mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na mara ya pili ilibaki kidogo tu afe mwenyewe. Nesi wa kliniki alimwambia safari hii asithubutu kungoja uchungu kijijini. Mwezi ukikaribia aende mjini, akae kwa Shangazi, karibu na hospitali kubwa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, mabasi yalipita yakitaka, na mwanamke mwenye historia ile usingempandisha juu ya gunia kwenye lori. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfikisha Mama mjini salama, nayo ilikuwa imelala pale uwanjani ikikojoa.

Siku moja Baba aliporudi shambani alimwambia Mama kanyagio la breki linazama mguuni, mpaka alikanyage mara tatu ndipo gari lishike. Akafungua boneti, akatazama kikopo cha mafuta ya breki, kikawa nusu. Akajaza. Baada ya siku mbili kikawa nusu tena. Akatandika gunia, akaingia chini ya pikapu, akatoka na mchanga mgongoni.

"Hakuna hata tone," alisema. "Sasa yanakwenda wapi? Yanapaa?"

Bibi alisema kuna watu wana macho mabaya, na pikapu ile ilikuwa inaonwa mno. Kama ushahidi alionyesha mche wa mpapai, ambao ulikuwa umeanza kunyauka majani bila sababu, na mvua inanyesha. Baba akaingia tena chini ya gari.

Mimi nilikuwepo, nimeshika kifuu cha maji ya kunawa. Nikiulizwa kama nilifahamu, sijui niseme nini. Baba alikuwa anatafuta mafuta, mimi nilikuwa naficha mkojo. Vitu hivyo viwili havikuwa vimekutana kichwani mwangu. Tena wakubwa walikuwa wanazungumza, na mtoto wa kwetu hakuingilia mazungumzo ya wakubwa. Hakuna aliyegeuka kuniuliza: wewe unayefagia hapo kila siku, unaona nini? Hilo nimewalaumu nalo moyoni miaka mingi, halafu najiona nisivyo na haya.

Ndipo akaitwa Fundi Mfaume. Alitoka Nanyamba kwa baiskeli, spana zake zikiwa ndani ya kikapu cha ukindu kama mtu anayepeleka samaki. Yeye na Baba waliingia jandoni msimu mmoja, wakalala kumbi moja, na kwa watu wetu hilo ni zaidi ya udugu. Walitaniana maneno ambayo Mama alinifukuza nisiyasikie. Siku mbili nzima Fundi alilipekua gari. Alifungua magurudumu yote manne, alipangusa kila bomba kwa kitambaa cheupe akakitazama juani, alilamba hata kidole. Kwenye gurudumu moja la nyuma alikuta kile kipira kinachozuia mafuta ya breki kimelika, akaweka kingine. Lakini hakuridhika. Hayo niliyasikia baadaye. Mimi jioni ile nilikuwa chuoni, nasoma Kurani kwa maalimu, na maneno yaliyosemwa uwanjani sikuyasikia.

Alisema hivi: "Mpira ule ungetosha kuvujisha, lakini kuna kiungo cha bomba kule nyuma sikiamini. Nimejaza mafuta. Kanyaga breki kwa nguvu mara hamsini, uliache lilale. Asubuhi kabla hujaliwasha, chungulia chini. Pakiwa pakavu, mpeleke shemeji. Ukiona hata tone moja, ndugu yangu, usiende popote. Nitafute."

Asubuhi iliyofuata doa lilikuwa kubwa kuliko siku zote. Nilishangaa. Nikajisemea, leo umekunywa maji mengi, maskini. Nilijua Mama anasafiri na majirani watakuja kumuaga, kwa hiyo nilifanya kazi ile kwa bidii ambayo sikuwahi kuifanya. Nilichota vifuu vitatu. Nilileta mchanga mweupe kutoka nyuma ya jiko. Nilifagia, nikafagia tena.

Baba alirudi msikitini na tochi. Akapiga magoti penye mistari yangu, akamulika, akaingiza mkono akaulaza chini kiganja kizima kama anayempima mtoto homa. Kisha akapiga kelele.

"Pakavu! Mama Somoe! Pakavu kabisa!"

Mama akatoka na mtandio wake, ameshika tumbo. Bibi akatoka. Baba alikuwa anacheka, mchanga magotini, anawaeleza maneno ya Fundi neno kwa neno: tone moja tusiende, pakavu twende. Hata boneti hakuifungua. Ardhi ilikuwa imeshamjibu.

Nami nikiwa nimesimama pale, na ufagio, nikaelewa. Yale mafuta na ule mkojo vikakutana kichwani. Sikujua breki ni nini hasa, lakini nilijua Baba alikuwa ameuliza swali na jibu lake nilikuwa nimelimwaga shimoni. Mama alikuwa anatabasamu, na ilikuwa muda mrefu sijamwona hivyo. Bibi alinishika kichwa mbele ya watu akasema, "Tazama uwanja huu, huyu sasa ni mwanamke." Nikamkumbuka chura. Nikaona mkeka wangu mbele ya nyumba na mtaa mzima unapiga makofi.

"Baba," nikaita.

"Nini, mama?"

Alinitazama. Alinipa nafasi, hilo siwezi kumnyima. Aliinama kabisa ili anisikie.

"Na mimi twende," nikasema.

Akacheka, akanifinya shavu, akasema nibaki nimsaidie Bibi, nitaletewa mdogo wangu. Akazunguka akapanda. Mama alipunga mkono dirishani. Matairi yakachora njia mbili juu ya mistari yangu, wakaondoka.

Siku ile ilikuwa ndefu, sijui niieleze vipi. Nilikwenda barabarani nikarudi. Nilikwenda shimoni nikachimba mchanga wangu kwa vidole, ulikuwa bado umelowa, nikaunusa kana kwamba harufu ingeniambia wamefika wapi. Nilimwomba Mungu akaushe lile doa huko huko liliko. Nilimwambia Bibi naumwa tumbo, akanipa maji ya ndimu. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Lakini ningemwambia, Bibi angefanya nini? Hatukuwa na simu wala gari jingine, na bibi kizee hawezi kuikimbilia pikapu. Nilijiambia hivyo na nikafunga mdomo. Huo ndio unyonge mbaya kuliko wote niliouona, wa kujua kitu na kukaa nacho kama jiwe kinywani wakati watu wanateremka mlima.

Baada ya adhuhuri alikuja mtu kwa baiskeli, akateremka kabla hajafika, tukajua. Kwenye mteremko mrefu kabla ya Naliendele kanyagio lilikwenda mpaka chini na halikurudi. Mbele kulikuwa na watu wanatoka sokoni. Baba aliingiza pikapu shambani kwa mtu, ikasimamishwa na mkorosho. Yeye alivunjika mtulinga, mfupa wa begani. Mama hakuwa na jeraha hata la kucha, lakini uchungu ulimwanza pale pale, chini ya majani, na lori lililopita ndilo lililomfikisha hospitali. Alizaa mtoto wa kiume. Mtoto akaishi siku tatu. Hakufika siku ya saba, hakupewa jina, akazikwa mjini na watu wawili tu. Mama alirudi amejifunga kanga kifuani kwa nguvu kuyazuia maziwa, na usiku na mchana nguo ile ilikuwa na madoa mawili yaliyolowa. Nilikuwa siwezi kumtazama.

"Mfaume ameniulia mwanangu," Baba alisema. Aliwaambia watu wote waliokuja kutoa pole. Kwamba yeye alifuata maneno ya fundi kama alivyoagizwa, alichungulia, palikuwa pakavu, na fundi aliyelala naye kumbi moja alikuwa amemfungia mpira wa uongo.

Fundi alikuja siku ya pili baada ya Mama kurudi. Ilikuwa asubuhi, nami nafagia. Baba alikuwa amekaa barazani, mkono umefungwa kwa kitambaa. Fundi akasalimu. Baba aligeuza uso ukutani, na salamu ile ikabaki hewani, Muislamu na Muislamu mwenzake. Fundi akatembea mpaka mahali ilipokuwa ikilala pikapu. Akachuchumaa. Alitazama mistari ya ufagio, akaifuata kwa macho mpaka shimoni, akauona mpapai ambao sasa ulikuwa kijiti tu. Akaenda, akachukua mchanga kidogo kwa ncha za vidole, akanusa. Akageuka, akanitazama mimi.

Nilingoja apige kelele. Nilikaribia kumwomba apige. Yeye akakung'uta mikono, akachukua baiskeli yake, akaenda.

Tangu hapo hakuna mtu wa upande wetu aliyempelekea gari. Tulisikia amehamia Mikindani. Mimi mkojo ulinirudia, kila usiku, na Bibi alipotaka kwenda kisimani kutafuta chura mwingine Mama alisema, katika maneno machache aliyoyasema mwezi ule: "Mwacheni mwanangu." Nilitamani asingenitetea.

Nilijaribu kumwambia Baba. Mara moja nikiwa nimemaliza shule, mara nyingine kabla sijaolewa. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, amekwisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Alisema, "Mfaume alikuwa mcheshi kumbini, akituchekesha mpaka vidonda vinauma." Nilikaa sawa. Nilisema, "Baba." Akasema, "Nini, mama?" Nikaona macho yake yalivyochoka, nikamuuliza kama anataka maji. Akasema ndiyo. Nikampa maji.

Kwa hiyo siku ya arobaini niliweka sinia chini, nikaketi pembeni ya Fundi, karibu na viatu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Somoe."

"Nilifagia mimi," nikasema. Sauti ilitoka ya mtoto. "Kila siku lilivuja, na kila siku nilifagia. Na siku ile pia."

Alikuwa anachezea ukingo wa jamvi.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nini baba yako? Kwamba ni mwanaye? Mama yako siku zile hata kula hali." Akaliachia jamvi. "Nikasema, mtoto atakua, atasema mwenyewe. Nikakungoja. Ulipoolewa nikasema, sasa. Niliposikia umezaa nikasema, sasa, huyu amejua uchungu wa mtoto, atasema."

Nilikuwa nalia, na watu walidhani namlilia Baba.

"Nisamehe, Fundi. Leo nimekwambia."

"Umeniambia mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hasira, ndogo, iliyokaa siku nyingi. "Mimi nilikuwa najua. Asiyejua alikuwa yule." Akaelekeza kidevu nyuma ya msikiti, kwenye makaburi.

Akatafuta viatu vyake. Nikaokota kile kikombe nikaingia nacho ndani, ambako Mama alikuwa amekaa eda, amevaa nyeupe, juu ya mkeka karibu na dirisha. Alikuwa ameona.

"Yule mtu amefuata nini kwangu?" aliniuliza. "Kamwambie aondoke. Kamwambie Mama amesema kilio cha mume wangu hakihitaji dua yake."

Nikaketi mbele yake. Kikombe kilikuwa bado mkononi na harufu ilikuwa imejaa chumba. Nje nilisikia baiskeli ikitolewa ukutani.

"Nini, mama?" Mama akauliza, maana alikuwa ameniona uso.

"Mama," nikasema, "asubuhi ile palikuwa na doa."